Sushi ya Pipi Imelia: Utatuzi wa Matatizo ya Vifurushi vya Chakula cha Pipi vya Kijapani

"Mama, sushi imelia."

Binti yangu alikuwa na miaka mitano siku aliponiambia hivyo. Alikuwa ameinamia trei ya plastiki, na wali wake wa pipi ulikuwa umechuruzika mpaka kishimo cha jirani na kuchanganyika na yai la njano. Machozi yalikuwa ya sushi na ya kwake pia.

Tunaishi Saitama, jirani na Tokyo. Madukani huku vifurushi hivi hupangwa rafu za chini, usawa wa macho ya mtoto: sushi (wali wa Kijapani unaoliwa na samaki, yai au mwani), baga, donati, bento (chakula cha kubeba kwenye boksi), vyote vidogo vya kukaa kiganjani, vyote pipi. Mtoto anatia maji kwenye unga, anakoroga, anafinyanga, kisha anakula. Wajapani huviita chiiku-gashi, pipi za kumchangamsha mtoto akili. Vinavyojulikana zaidi ni vya Popin' Cookin' kutoka kampuni ya Kracie. Mkongwe wao ni Nerunerunerune, pipi ya povu iliyoingia sokoni mwaka 1986, enzi hizo kampuni ikiitwa Kanebo. Jina hilo linatokana na neru, yaani kukoroga au kukanda mpaka kitu kishikane.

Kila nipatapo mtu anayekwenda nyumbani, humpa vifurushi vichache ampelekee dada yangu Tanga. Kwa hiyo malalamiko hunijia kutoka pande mbili: ya binti yangu hapa mezani, na ya wapwa zangu kwenye simu, wakianza na "shikamoo mama mdogo" na kabla sijamaliza kuitikia wameshageuza kamera nione kilichoharibika. Kifurushi kile kile huharibika kwa namna moja kwenye baridi ya Saitama na kwa namna nyingine kwenye joto la Tanga. Nimeyakusanya yanayojirudia. Mengi chanzo chake ni maji: kiasi chake, aina yake au joto lake, na ndiyo maana kila dalili nimeanzia huko.

"Maandishi yote ya Kijapani, nianzie wapi?"

Hatua zimechorwa na kupewa namba, na ukifuata picha kwa utulivu utafika. Hesabu vikombe vilivyochorwa: kikombe cha pembetatu kikionekana mara mbili, ni maji vikombe viwili. Alama 水 ni maji. Kikombe chenyewe mara nyingi kimeshikana na trei, unakikata kwa mkasi kwenye kona. Watu wengi hukitupa wakidhani ni plastiki ya ziada, halafu wanapima maji kwa kijiko cha chai, na hapo ndipo mambo yanapoharibikia.

Kamera ya simu yenye kutafsiri inatosha kwa hatua. Kwa viambato usiitegemee peke yake, linganisha alama kwa macho yako. Sheria ya Japani inalazimisha vitu kadhaa vitajwe kwa wenye mzio, vikiwemo: 卵 yai, 乳 maziwa, 小麦 ngano, そば ngano nyeusi ya soba, 落花生 karanga, えび kamba, かに kaa, na くるみ walinati. Nerunerunerune ina yai, kwa sababu ute mkavu wa yai ndio unaoshikilia povu lake. Mama mmoja rafiki yangu aliniambia mwanawe ana mzio wa yai "lakini hii si ni pipi tu". Ni pipi, na yai limo.

Kwa Waislamu kama sisi, tafuta ゼラチン, jelatini (kigandishi kitokanacho na ngozi na mifupa ya wanyama), na 豚, nguruwe. Pipi laini za kutafuna, kama ile inayofungia sushi, mara nyingi hutiwa jelatini. Ikitajwa bila chanzo chake, mimi huihesabu ni ya nguruwe na kuiweka kando kabla mtoto hajakaa mezani. Mpwa wangu hufungia sushi yake kwa ukanda mwembamba wa embe lililokaushwa, na hajawahi kulalamika.

Tarehe ya mwisho ya ubora, 賞味期限, Wajapani huandika mwaka kwanza, kisha mwezi.

Wali umekuwa uji

Hili ndilo linaloongoza.

Sababu ya kwanza ni maji yaliyozidi kwa matone machache. Kikombe cha pembetatu ni kidogo mno, na maji yana tabia ya kujaa yakavimba juu ya ukingo bila kumwagika. Ule uvimbe tu, kwenye kikombe kidogo hivyo, unatosha kuharibu. Mtu mzima aliyesimama hauoni. Mtoto aliyekaa, kidevu chake kikiwa usawa wa meza, anauona vizuri kabisa. Mpe yeye kazi ya ukaguzi. Binti yangu husema "kina kitambi" na kukigusa kwa ncha ya tishu mpaka maji yalale sawa na ukingo. Tangu aanze kufanya hivyo wali haujalia tena.

Sababu ya pili ni haraka. Unga wa wali hunywa maji ya kawaida bila kupikwa, lakini hauyanywi papo hapo. Ukishakoroga ukaona majimaji, acha dakika tatu kwa saa kabla ya kusema umeharibika. Maji yakiwa ya baridi sana, kama ya bombani Saitama mwezi Januari ambayo yanauma vidole, ngoja tano. Mara nyingi unarudi na kukuta umeshashikana wenyewe.

Ya tatu: unga haukuingia wote. Vipakiti hivi vina kona zinazoficha unga, hasa mtoto akifungua kwa kuchana badala ya mkasi. Pasua kipakiti ubavuni, kunja, gonga kwa kidole. Ukishachanganya na bado kuna unga kwenye kona, huo ndio dawa yako, uongeze.

Ya nne ni unga kuingia kishimo kisicho chake. Wali na yai vikibadilishana nyumba, kila kimoja kinapata maji ya mwenzake. Hapa hakuna la kurekebisha, badilisha majina tu: leo yai ni jeupe na wali ni wa njano.

Ikiwa umengoja na bado ni uji, usiongeze unga wa ngano. Unga mbichi wa ngano si wa kuliwa bila kupikwa, na watoto ndio wanaodhurika upesi kwa vijidudu vyake. Tandaza uji huo kwenye kipande cha nailoni safi, uache mbele ya feni dakika kumi, kisha uukusanye kwa kijiko. Tanga hii husaidia kidogo tu wakati wa masika, kwani hewa yenyewe imeshiba maji. Kwa siku hizo dada yangu hunyunyiza sukari ya unga, ile ya kupambia keki, kidogo kidogo mpaka donge liache kunata vidoleni. Ladha inazidi utamu, lakini umbo linakaa.

Donge limekauka na linapasuka

Maji yamepungua, au trei imekaa wazi muda mrefu watu wakihangaikia kingine. Chovya kidole, gusa donge, kanda. Rudia. Usimimine kutoka kikombeni, kwa sababu kutoka hapa mpaka "uji" ni tone moja. Kazi ikichelewa, funika vishimo vilivyokwisha kwa tishu yenye unyevu iliyokamuliwa vizuri.

Mayai ya samaki hayaji

"Shikamoo mama mdogo, mayai hayaji!" Hii ndiyo simu ninayoipokea zaidi, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie nikikaa hapa kidogo.

Kwenye kifurushi cha sushi kuna vipakiti viwili vya kutengenezea ikura, mayai ya samaki aina ya salmoni. Kimoja kina algineti, kitu kinachotolewa kwenye mwani wa kahawia. Kingine kina chumvi ya kalsiamu. Unachanganya kila kimoja na maji yake, unavuta cha kwanza kwa pipeti ndogo, kibomba cha kubana kwa vidole, unakidondosha ndani ya cha pili. Tone likigusa kalsiamu, nyuzi za algineti zinakamatana kwa nje na kuwa ngozi, huku ndani kukibaki majimaji. Ukilibana kwa meno, linapasuka. Mtoto anayeona tone la kwanza linakataa kuyeyuka na kukaa pale chini kama shanga huwa anakata pumzi. Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu.

(Dada yangu aliuliza kama ni mwani wao ule wa Tanga na Unguja. Sio. Ule wa mashambani kwetu, spinosamu na kotonii, ni wa jamii ya mwani mwekundu na hutoa karajinani, ambayo nayo hugandisha lakini kwa njia yake.)

Sasa dalili zenyewe, maana "hayaji" ina maana nyingi.

*Matone yanayeyuka na kupotea.* Kwanza angalia kama mmebadilisha vipakiti, au mmetia vyote kishimo kimoja. Kisha angalia kama kishimo cha kalsiamu kimekorogwa: unga ukibaki umelala chini, maji ya juu hayana nguvu. Koroga tena, ngoja dakika moja, dondosha tone moja la majaribio. Likikataa bado, huenda mmemwaga maji mengi kwenye kalsiamu.

*Algineti imeganda madongemadonge kabla ya kudondoshwa, pipeti haivuti.* Mara nyingi ni kijiko. Mtoto amekoroga kalsiamu, kisha kwa kijiko hicho hicho akakoroga algineti, na mgando umeanzia hapo. Tumia vijiti viwili na uvitie alama. Binti yangu huvaa kibanio cha nywele chekundu mkono wa algineti na cha bluu mkono wa kalsiamu.

Kama kijiko ni kisafi, basi ni maji yenyewe. Maji mengi ya bomba ya Japani ni laini, na kifurushi kimetengenezwa kwa maji hayo. Visima vingi vya pwani yetu vina maji magumu, yale yanayokataa povu la sabuni na kuacha gamba jeupe kwenye birika. Gamba hilo ni chokaa, na ndani ya chokaa mna kalsiamu, kwa hiyo algineti inaanza kuganda tangu unapoitia maji. Kuchemsha na kuacha yapoe husaidia, kwa sababu sehemu ya chokaa hubaki birikani. Maji ya mvua yaliyochemshwa ni bora zaidi. Ya chupa pia yanafaa, ila soma kibandiko na uchague yenye kalsiamu kidogo. Mpwa wangu mmoja alitia maziwa ili "mayai yawe na nguvu". Maziwa yana kalsiamu tele, na alipata kitu kama mtindi uliokatika. Hakikuwa na madhara, alikila kwa kijiko.

*Matone yana mikia kama viluwiluwi.* Pipeti iko karibu sana na maji, au inabanwa kwa nguvu. Iinue urefu wa vidole viwili, bana kwa upole mpaka tone lining'inie, liache lianguke kwa uzito wake. Kwa mtoto wa miaka minne hilo ni gumu, vidole bado havijajua kubana nusu. Afanye mazoezi kwanza na maji matupu juu ya sahani, kama anayetia dawa ya macho. Mikia ikibaki, iite viluwiluwi mkaendelee.

*Mayai yameshikana kuwa bonge moja.* Mmedondosha mahali pamoja. Zungusha pipeti na tikisa trei kidogo kila baada ya matone matano.

*Yalikuwa laini, sasa yamekuwa mipira.* Yamekaa humo muda mrefu, na kalsiamu imeendelea kupenya mpaka kati. Yaopoe mapema na yaliwe mapema.

Povu halipandi, rangi haibadiliki

Hii ni ya Nerunerunerune na ndugu zake. Unga wa kwanza na maji hutoa rojo ya rangi, kwa ile ya zabibu ni bluu. Unga wa pili ukiingia, bluu inageuka zambarau na kila kitu kinaanza kuvimba. Kinachotokea ni mambo mawili kwa pamoja. Tindikali ya unga wa pili inakutana na soda ya kuokea, na hewa ya kabonidioksidi inatoka. Tindikali hiyo hiyo inageuza antosianini, rangi ya mimea inayobadilika kulingana na uchachu. Ukitaka kumwonyesha mtoto kwa vya nyumbani, chukua juisi ya rozela, utie chembe ya soda ya kuokea: wekundu wake unahama kuelekea bluu. Kamulia ndimu, unarudi.

Povu lisipopanda, mara nyingi unga wa pili umeingia kabla wa kwanza haujayeyuka, hewa ikatoka mapema ikapotea. Koroga wa kwanza mpaka usisikie chembe chini ya kijiko. Sababu inayofuata ni maji moto. Tanga, maji ya tangi la juu ya paa saa nane mchana yanatoka vuguvugu. Hewa inafumka kwa kishindo, povu linapanda na kuporomoka hapo hapo. Yaweke friji robo saa kwanza. Kisha ni kukoroga kulikokwisha mapema: povu hili linahitaji mkono, sekunde thelathini au zaidi, mpaka lianze kuvutika kama urojo mzito. Mtoto akichoka pokezaneni.

Kama unga ndani ya kipakiti umekuwa jiwe, unyevu uliingia. Tafuta tundu au mshono ulioachia. Ukiona tundu, tupa. Gumu bila tundu unaweza kulisaga kwa mgongo wa kijiko juu ya kipakiti, lakini usitegemee povu la maana.

Rangi ikibadilika nusunusu, yenye mabaka, hiyo sio kasoro. Endelea kukoroga.

Karatasi ya mwani inanata, au inakatika

Ile "nori" ni pipi laini iliyobanwa kuwa bapa. Kwenye joto inageuka gundi, kwenye baridi inakatika kama kioo. Pwani, iache friji dakika kumi ikiwa bado ndani ya karatasi yake, ikaushe jasho la nje, kisha fanya kazi upesi mikono ikiwa mikavu. Saitama majira ya baridi mimi huiweka kwapani. Wengine huiweka mfukoni, matokeo ni yale yale. Ikikatika, ipashe joto viganjani, uibonyeze tena kati ya nailoni mbili.

Mkate wa baga umekuwa jiwe, au bado ni rojo

Vifurushi kama cha baga huhitaji maikrowevu, na hapa ndipo mtu mzima anachukua usukani. Mtoto abonyeze kitufe, basi.

Sababu kubwa ni nguvu ya mashine. Maelekezo ya Japani hutaja 500W au 600W, na maikrowevu nyingi za kwetu ni 700W, 800W na kuendelea. Zidisha wati kwa sekunde za kwenye kifurushi, kisha gawanya kwa wati za mashine yako. Tuseme kimeandikwa 600W kwa sekunde 40: hiyo ni 24,000, na kwa mashine ya 800W ni sekunde 30. Anza na pungufu hata ya hapo, ongeza sekunde tano tano. Donge ni dogo kama kifungo cha koti, na sekunde kumi za ziada zinalitosha kuwa jiwe. Kama nje ni gumu na ndani rojo, punguza nguvu badala ya muda. Mkate ukivimba kisha ukanywea, hiyo ni kawaida.

Pasha kile tu kilichochorwa ndani ya maikrowevu. Vipakiti vyenye ngozi ya fedha kwa ndani visiingie kabisa, vinatoa cheche. Rojo ya sukari ikitoka hapo inaunguza kuliko maji ya moto kwa sababu inang'ang'ania ngozini. Iache dakika mbili mlango ukiwa wazi, mtoto akae mbali.

Ukiona moshi, usifungue mlango. Zima, chomoa, subiri. Ukiona cheche wakati hakuna chuma ndani, acha kuitumia: huenda kile kibao chepesi cha pembeni kinachofunika tundu la mawimbi kimeungua. Hiyo ni kazi ya fundi wa maikrowevu. Usimruhusu shemeji mwenye bisibisi afungue kifuniko. Ndani mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya mashine kuchomolewa.

Na jambo moja kwa walionunua maikrowevu ya Japani ya mtumba. Umeme wa huku ni volti 100, wa Tanzania 230. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Isitoshe, mashariki ya Japani, Tokyo na Saitama, umeme ni wa hezi 50, na magharibi, Nagoya na Osaka, ni hezi 60. Baadhi ya maikrowevu zimetengenezwa kwa upande mmoja tu. Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, kwa hiyo iliyoandikwa 60Hz pekee haitafaa hata ukiwa na transfoma. Ya 50Hz inahitaji transfoma ya kubeba mzigo: mashine inayotoa 600W ya joto inaweza kuvuta kama 1000W ukutani. Muulize fundi umeme kabla, na kama hana uhakika, mle sushi.

Mtoto amebadilika baada ya kula

Hapa hakuna kujaribu tiba moja baada ya nyingine. Midomo au macho yakivimba, akitoka vipele mwili mzima, akikohoa mfululizo, sauti ikikwaruza, akitapika na kulegea: nenda hospitali sasa hivi, na kifurushi uende nacho. Aliye Japani apige 119. Kama dalili ni ndogo na hujui uende au usiende, huku kuna namba ya ushauri wa afya ya watoto, #8000. Aliye nyumbani asisubiri usafiri mzuri, achukue wa kwanza.

Pipi hizi zinanata. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kabisa, na mkubwa ale amekaa, sio akikimbia kumwonyesha bibi. Akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, na ana zaidi ya mwaka mmoja, mwinamishe, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kitako cha kiganja. Isipotoka, simama nyuma yake umkumbatie, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano. Pokezana hivyo huku mwenzako akiita msaada. Haya jifunze kabla, kwa mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza. Mimi nilijifunza baada ya kuogopeshwa na kipande cha nori.

Ulimi wa zambarau hauna neno. Utatoka.

Mtoto analia, au ameondoka mezani

Nimeona wazazi wakitafuta kosa kwenye unga wakati kosa limekaa kwenye kiti cha mzazi.

La kwanza, tumeshika sisi. Vipande ni vidogo, mikono yetu inawasha, tunasema "lete nikusaidie" na dakika mbili baadaye sushi ni nzuri na mtoto anaangalia dirishani. Mimi sasa hukaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, naikalia. Kazi zangu ni nne: mkasi, kusoma picha, maikrowevu, na kufuta.

Pili, ana njaa. Usifungue kifurushi cha chakula cha kuigiza mbele ya mtoto ambaye hajala chakula cha kweli. Kampe wali wake wa mchana kwanza.

Tatu, ni kirefu mno. Sushi yenye hatua zote inaweza kumchukua mtoto wa miaka minne dakika arobaini, na subira yake ni kumi na tano. Fanyeni mayai leo, wali kesho, maana vipakiti visivyofunguliwa vinakaa. Kilichokwisha kutiwa maji ndicho kisicholala, kiliwe siku hiyo hiyo au kitupwe, hasa kwenye joto.

Nne, wako wawili na trei ni moja. Dada yangu alishajaribu kugawana zamu, wakagombana. Sasa mmoja ni mpishi na mwenzake ni mteja. Mteja anakaa upande wa pili wa meza, anaagiza, anangoja, analipa kwa kokoto. Kifurushi kinachofuata wanabadilishana.

Na kuna mtoto anayelia kwa sababu haifanani na picha ya boksi. Huyo usimwambie ni nzuri, anajua sio. Kata picha ile uitoe mezani kabla hamjaanza. Wiki iliyopita binti yangu alipiga video Tanga kuonyesha ikura zake, zote zina mikia. Upande wa pili kukawa kimya, kisha mpwa wangu akainua sahani yake: za kwake pia zilikuwa na mikia, na alikuwa amezihesabu, viluwiluwi ishirini na tatu.